Anayesoma Mtandaoni Asiachwe Peke Yake

Siku hizi imekuwa fahari kutangaza kwamba masomo yamefikishwa mtandaoni. Ni hatua njema, walakini kufikisha somo si kufundisha. Mwanafunzi aliyekabidhiwa simu na kurasa mia, asiwe na mwenzi wa kuulizana naye, aghalabu huishia njiani, na fedha za umma zikapotea bila ya kelele.

Tuzitazame wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Huko shule zimetawanyika baina ya nyanda za juu za Mbulu na tambarare zilizouzunguka Mlima Hanang. Mwalimu wa huko hutenganishwa na mwenziwe na mabonde na makorongo, kama vile mwalimu wa Kojani au Tumbatu anavyotenganishwa na wenziwe na bahari. Kwa hiyo mambo ya Mbulu si mageni kwetu visiwani.

Mwaka 1973, wilaya hizo zikiwa bado katika Mkoa wa Arusha, Tanzania Bara iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio peke yake isingeliweza kufanya kazi ile. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi, wapatao 75,000, walikuwa wamefunzwa kabla ya kampeni kuanza. Chombo kilileta habari. Kikundi ndicho kilichoigeuza habari kuwa elimu.

Siri yake si ngumu. Asiyefahamu huuliza bila ya haya mbele ya mwenziwe. Anayejibu hulazimika kulifahamu zaidi jambo lenyewe. Na aliyeahidi mbele ya jirani huona aibu kutotimiza. Sisi tuliokaa duara katika darsa za misikitini twalijua hilo tangu utotoni.

Leo Bara ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA. Masomo yake hupatikana katika mfumo wa mtandao wa Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini mpango wenyewe unataka walimu wakutane katika jumuiya za ujifunzaji shuleni mwao, wakiongozwa na mwenzao. Huo ndio msingi sahihi. Hatari iliyopo ni kwa watendaji kuukumbuka mtandao na kuisahau jumuiya, kwa kuwa idadi ya waliojisajili ni rahisi kuiandika katika taarifa, na mazungumzo ya walimu wanane chini ya mti hayaandikiki.

Wako wasemao kwamba makundi ya simu yanatosha. Hayatoshi. Kundi lisilo na kiongozi, siku maalumu wala swali la kujibiwa hujaa salamu na matangazo. Wachache husema, na walio wengi hunyamaza.

Kwa hiyo twawataka wahusika, wa Serikali zote mbili, wazingatie mambo matatu. Kwanza, somo lisifunguliwe kabla wanafunzi hawajapangwa katika vikundi vidogo, na kila kikundi kijue siku na mahali pa kukutana. Pili, kiongozi wa kikundi afunzwe, na muda wake uhesabiwe kuwa ni kazi. Tatu, zoezi liwe lile lisilowezekana kufanywa na mtu mmoja: mwalimu afundishe, mwenziwe amtazame, kisha wakosoane kwa heshima. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kina vituo mikoani, na Unguja na Pemba zimo. Vituo kama hivyo viwe mahali pa kukutana, visiwe pa kuchukulia fomu tu.

Mkaguzi akifika Katesh au Micheweni, asianze kuuliza ni wangapi waliojisajili. Aulize walikutana lini mara ya mwisho, na walikubaliana kutenda nini.