Moto wa Usiku Bwenini: Mpango wa Uokoaji Umtambue Kila Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalumu

Usiku wa manane, Oktoba 25, 2022, moto uliteketeza bweni la Shule ya Wasioona ya Salama wilayani Mukono, Uganda, na kusababisha vifo vya watu 11. Mwezi uliofuata, wanafunzi watatu wenye ulemavu wa kuona walifariki dunia kwa moto wa bweni katika Shule ya Msingi Buhangija, mkoani Shinyanga. Matukio hayo yanailazimu kila shule ya bweni kujibu swali moja kabla ya janga kutokea: nani atamtoa mwanafunzi asiyeweza kujitoa mwenyewe?

Wajibu huo upo kisheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao Ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha usalama wa watu hao katika mazingira ya hatari. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2022 Sheria ya Menejimenti ya Maafa. Hata hivyo, sheria humfikia mwanafunzi pale tu inapogeuzwa kuwa utaratibu wa bweni analolala.

Utaratibu huo hauwezi kuwa mmoja kwa wote. Mwanafunzi kiziwi hasikii kengele. Anahitaji taa ya kumulika au mtu aliyepangwa kumwamsha. Asiyeona hana budi kuizoea njia ya kutokea kwa kuipita mara kwa mara, na njia hiyo isizibwe na masanduku. Anayetumia kiti mwendo alale ghorofa ya chini, karibu na mlango. Mwenye pumu huathirika haraka na moshi, na mwenye kisukari au kifafa atahitaji dawa zake hata baada ya kuokolewa. Kwa hiyo, kila mmoja awe na wasaidizi wawili waliotajwa kwa majina, ili mmoja asipokuwepo mwingine achukue nafasi yake. Taarifa za afya zibaki kwa wahusika pekee.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye kufuli. Baadhi ya shule hufunga milango na kuweka nondo madirishani kwa sababu za msingi, ikiwemo kuwalinda wanafunzi wenye ualbino dhidi ya wavamizi. Lakini kufuli inayomzuia mvamizi inaweza pia kumzuia mtoto anayekimbia moto. Suluhisho si kuacha mabweni wazi, bali kuweka komeo linalofunguka kwa ndani, angalau dirisha moja lenye nondo za kufunguka, na matroni au patroni anayelala jirani akiwa na ufunguo.

Aidha, zoezi linalofanyika mchana, walimu wote wakiwepo, halipimi hali ya usiku. Zoezi la kweli hufanyika gizani, huwashirikisha wanafunzi wenye ulemavu wenyewe, na humalizika kwa kuhesabu majina katika eneo la kukusanyikia.

Ujenzi wa njia za mteremko unahitaji bajeti, lakini kupanga vitanda upya, kuteua wasaidizi na kufanya mazoezi kunahitaji zaidi uamuzi wa uongozi wa shule. Mzazi naye anao wajibu wa kueleza mahitaji ya mtoto wake anapomwandikisha, na haki ya kuuliza mpango wa uokoaji uko wapi. Moto unapotokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Lakini dakika za kwanza zitategemea walio ndani ya bweni.