Neema Ni Nini? Tuanze na Fasili

Tulipokwenda kusali na jumuiya ndogo ndogo moja hapa Tanga, tulifundisha juu ya neema. Tulipomaliza, mama mmoja anayeuza samaki akatuuliza: "Mafrateri, kusi hii yote sisi hatujapata kitu. Ina maana neema imetutoka kwa sababu ya dhambi zetu?"

Tulishtuka. Kosa lilikuwa letu. Tulilitaja neno neema nusu saa nzima bila kusema maana yake. Huku pwani neno hili, lenye asili ya Kiarabu, ni la kila siku: mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na chakula tele. Mama alitusikiliza vizuri. Alilielewa neno kama anavyolitumia.

Aristotle anatufundisha kwamba fasili, yaani maelezo ya kitu ni nini, hutaja kundi la kitu hicho, kisha hutaja kinachokitofautisha na vingine vya kundi hilo. Tujaribu. Tukisema "neema ni zawadi," tumetaja kundi tu. Hata khanga ya sikukuu ni zawadi. Tukiongeza "ya bure kutoka kwa Mungu," bado mvua ya Usambara imo, na mashua iliyojaa samaki imo. Fasili ni pana mno. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatupa kilichokosekana: neema ni kushiriki uhai wa Mungu. Hapo mvua na samaki vinabaki nje, na mama anapata jibu lake. Tenga likiwa tupu, hiyo si dalili kwamba Mungu amemwacha.

Wapo wanaosema fasili ni mambo ya darasani, waamini wanahitaji mifano. Mifano inahitajika kweli. Lakini mfano wa samaki tele ungezidi kumpoteza mama yule. Fasili ndiyo inayotuonyesha mfano upi unafaa. Wala fasili haimalizi fumbo la Mungu. Inatuzuia tu tusilichanganye na jambo jingine.

Kwa hiyo tunawasihi mafrateri wenzetu, makatekista na wazazi: kabla ya kufundisha neema, wokovu au toba, tuwaulize kwanza wanaotusikiliza, "Kwenu neno hili lina maana gani?" Kisha tuseme Kanisa linamaanisha nini, kwa maneno mepesi kuliko lile tunalolieleza. Tusipofanya hivyo, mtu anaweza kutoka kwenye mafundisho yetu akiwa na mzigo ambao Mungu hakumtwika.