Barua ya Wazi kwa COSTECH: Wapeni Wanafunzi Maabara ya Biolojia Sanisi

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ukizunguka vijiji vya Mlima Meru, mtu akicheka tu unajua alikokulia. Meno yamekuwa ya kahawia kwa floridi ya maji, na magadi tunayolainishia makande huongezea yake. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huku vinaupita, na mchotaji hana la kumwonya, maana floridi haina rangi wala harufu.

Nakuandikia kwa sababu kipimo rahisi cha floridi hiyo kimeshabuniwa, tena mbali na Arusha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichukua swichi ya RNA ambayo bakteria huitumia kuhisi floridi, wakaiunganisha na jeni ya kimeng'enya kinachotoa rangi ya njano, kisha wakaukausha mchanganyiko wote kwenye kijichupa. Unadondoshea maji, unasubiri, rangi ikitokea umejua. Ndani yake hamna kiumbe hai hata kimoja. Walikwenda kukijaribu Kosta Rika.

Kazi za namna hii, ziitwazo biolojia sanisi, ndizo wanafunzi wa shahada ya kwanza wanazoshindania kila mwaka katika iGEM, mashindano yaliyoanzia chuo cha MIT. Mwaka 2004 zilikuwa timu 5. Siku hizi ni mamia, na fainali hufanyika Paris. Mwaka 2006 timu ya Edinburgh ilibuni bakteria wa kupima aseniki, ikiwafikiria wanywaji wa visima vya Bangladesh. Wanafunzi wa Uskoti hao! Wetu maji yenye sumu wanayanywa nyumbani kwao.

Utaambiwa ada ya kushiriki ni maelfu ya dola. Kweli, lakini kwangu hilo ndilo jepesi. Zito liko kwenye meza ya maabara. Vimeng'enya huagizwa nje, husafiri kwenye barafu, na vikilala forodhani mwisho wa juma mmoja vimeharibika. Matokeo yake kijana anaweza kuhitimu biolojia ya molekuli akiwa amezikata na kuziunga DNA kwenye daftari tu. Kisha kuna kibali cha kubadili vinasaba. Mjadala wetu wa vinasaba umekuwa wa mahindi, tangu jaribio la mahindi yaliyobadilishwa vinasaba huko Makutupora mwaka 2016 hadi liliposimamishwa 2018; bakteria wa maabara hawajapata msemaji. Na wenye hofu wajue kwamba iGEM yenyewe hairuhusu kiumbe kilichobadilishwa kitolewe nje ya maabara.

Tume inao mfuko wa MTUSATE, na wabunifu wanakutana kwenye mashindano ya kitaifa ya MAKISATU tangu 2019. Ninachoomba ni maabara moja ya pamoja, katika Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha: friza ya vimeng'enya, fundi wa kudumu, na kibali kimoja cha kazi za ndani ya maabara mtakachokifuatilia ninyi katika Ofisi ya Makamu wa Rais, si mwanafunzi mmoja mmoja. Mwanafunzi wa chuo chochote, Sokoine, Muhimbili au Dodoma, aombe nafasi.

Mwaka wa kwanza uwe wa floridi. Tangazeni nafasi hizo kabla vyuo havijafungua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Arusha