Antigone wa Tarime Hahitaji Makofi

Kila msimu wa ukeketaji unapowadia, hasa Desemba shule zikiwa zimefungwa, wapo wasichana wa Tarime na Serengeti wanaotoroka makwao na kukimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu. Mimi hufundisha tamthilia. Nisikiapo habari zao humkumbuka Antigone.

Katika tanzia hiyo ya Sophocles, iliyoigizwa Athens yapata mwaka 441 K.K., mfalme Creon anapiga marufuku kuzikwa kwa Polyneices. Antigone anamzika kaka yake, anakamatwa, wala hakani. Kinachomchoma Creon si kuvunjwa kwa amri tu, bali kushindwa na mwanamke.

Mtaniambia ulinganisho huu umepinduka: Antigone aliitetea mila dhidi ya serikali, ilhali msichana wa Tarime anaikimbia mila, na sheria ya mwaka 1998 inayokataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18 iko upande wake. Ni kweli. Lakini sheria iko mahakamani. Nyumbani yupo baba anayewaza ng'ombe wa mahari, mama anayeogopa kuchekwa na wazee wa mila wanaopanga msimu. Creon wake si mtu mmoja, tena ni damu yake.

Upo mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoani humohumo Mara, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar. Humo Portia anajijeruhi paja ili mumewe, Brutus, amwamini. Wanafunzi wangu humsifu kwa ushupavu. Nami huwauliza: kwa nini thamani ya mwanamke ithibitishwe kwa kovu?

Tunawapenda mashujaa wa kike wa jukwaani kwa kuwa wakifa hawatudai kitu; tunapiga makofi, tunakwenda zetu. Huyu wa Tarime yu hai. Januari atahitaji daftari, sare, na mzazi atakayempokea bila kumfichia kisu. Hilo ndilo deni letu.

Wazee wa Thebes nao walimshauri mfalme amfungulie Antigone, naye akakubali. Alipofika pangoni, binti alikwisha kujinyonga. Wazee wetu wa mila wana nafasi ambayo wale hawakuitumia: kusema mapema, kabla msimu haujatangazwa.