Miaka 300 ya jumba la meya wa Dublin

Mwaka 2015 ulitimia mwaka wa 300 tangu jiji la Dublin linunue Mansion House, makao ya meya wake. Joshua Dawson aliliuza kwa pauni 3,500, pamoja na kodi ya shilingi 40 kwa mwaka na bonge la sukari la ratili 6 kila Krismasi. Mwaka 1919, wabunge wa Ireland waliokataa kwenda Bunge la Uingereza, London, walikutana katika ukumbi wake wa duara wakaunda Dáil, Bunge la Ireland. Udiwani na ubunge wa nchi ile, basi, vimelelewa nyumba moja.

Kati ya wote waliolikalia, tunamtanguliza Kathleen Clarke, mzaliwa wa Limerick. Mei 1916 Waingereza walimpiga risasi mumewe, Tom, kwa kuasi utawala wao, na kesho yake mdogo wa Kathleen, Ned Daly. Akabaki na watoto watatu. Mwaka 1918 naye akafungwa gereza la Holloway, London. Alipotoka alichaguliwa diwani wa Dublin, kisha mwaka 1921 akawa mbunge, na Agosti mwaka huo Bunge lake lilikutana Mansion House.

Siasa za kitaifa hazikumwendea vyema. Aliupinga mkataba na Uingereza, akapoteza kiti mwaka 1922. Alikirejesha Juni 1927, Septemba akakipoteza tena. Baadaye akawa seneta, lakini useneta huo ulikoma Seneti ilipovunjwa mwaka 1936. Mwaka uliofuata aliikosoa hadharani katiba ya kiongozi wa chama chake, Éamon de Valera, kwa namna ilivyomweka mwanamke. Wapiga kura walikuwa wamemwacha, na sasa anagombana na wakubwa wa chama!

Ni madiwani waliomwinua. Mwaka 1939, akiwa na miaka 61, walimchagua meya, mwanamke wa kwanza katika historia ya Dublin. Aliingia Mansion House akaamuru picha ya Malkia Victoria iondolewe, na akakataa kuvaa mkufu wa umeya uliotolewa na Mfalme William wa Tatu. Wapo wanaoyaona hayo madogo. Kwetu si madogo hata kidogo: mjane wa mtu aliyeuawa kwa amri ya dola ile hakuwa na sababu ya kuvaa zawadi yake shingoni.

Alishika umeya hadi 1941, na mwaka 1972 taifa likamzika kwa heshima za kiserikali. Madiwani wa Dublin wana mengi ya kujivunia. Wajivunie kwanza kura ile ya 1939.