Jini Niliyemwua kwa Kalamu

Huu mwaka wa sita ninaandika hadithi moja, na kila nikidhani nimeimaliza huifumua tena kama mkeka uliokosewa. Jamaa zangu wa barazani hapa Malindi wamechoka kuniuliza itatoka lini. Leo nitasema kwa nini haijatoka, maana nawaona vijana wetu wanaoandika ngano za majini na mashujaa wakielekea shimo lile lile nililotumbukia mimi.

Hadithi yenyewe si yangu. Niliisikia kwa nyanya yangu, mtaa wa Shela, tumejilaza mkekani baada ya sala ya isha. Ni habari ya mji wa Gedi na kisima chake: watu waliwekeana ahadi na wenye maji, kisha wakaivunja, na maji yakashuka mwaka hata mwaka mpaka mji ukahamwa. Asiyepajua Gedi na aende, si mbali, kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, ndani ya msitu. Msikiti mkuu uko, jumba la mfalme liko, na kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Bwana James Kirkman alianza kupachimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO waliitia Gedi katika orodha ya urithi wa dunia. Wataalamu nao husema kwamba visima viliongezwa kina kwa kuwa maji yalikuwa yakipungua. Kumbe nyanya, ambaye hakusoma ila Kurani, hakuwa mbali nao.

Mswada wa kwanza niliuandika kwa haraka na kwa fahari. Jini wangu alikuwa na mbawa, macho ya moto na sauti ya ngurumo, kama wale wa sinema. Mwishoni shujaa akamkata kichwa kwa upanga. Niliuchukua mswada hadi Gede kwa mzee mmoja mjuzi wa habari za kale, nikamsomea tangu adhuhuri hata alasiri. Hakusema neno. Nilipofika mwisho akaniuliza:

"Mwanangu, umeshamwua?"

"Nimemwua, baba."

"Basi mji ulihamwa kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Kurasa mia tatu ziliangushwa na swali moja.

Katika mswada wa pili nilikwenda upande mwingine kabisa. Nilimtoa jini, nikasema yote yalikuwa ndoto ya mtu mwenye homa. Nikiri kweli: nilifanya hivyo kwa hofu na kwa haya. Hofu, wasije watu wakasema naeneza ushirikina. Haya, wasije wasomi wa mjini wakasema hizi ni porojo za vibibi. Mswada ule ulikuwa safi, umenyooka, na hauna roho. Nilimsomea mjukuu wangu, akalala kabla hatujafika kisimani.

Sasa nauliza, haya hiyo ni ya nini? Sisi tuliokaa chuoni na mbao zetu twajua kuwa majini si kitu kilichobuniwa na nyanya. Sura ya 72 ina jina lao. Mwandishi Mwislamu asiogope kuwataja, aogope kuwasingizia. Na mimi niliwasingizia. Katika mswada wa kwanza jini alimtabiria shujaa kila litakalompata. Laiti ningalikumbuka habari ya Nabii Sulaiman, alayhi salaam, aliyefariki hali ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu wasijue, mpaka mdudu alipoila ile fimbo naye akaanguka! Kiumbe asiyejua kuwa aliye mbele yake ni maiti, ya kesho atayajuaje? Nilifuta utabiri wote. Na ajabu ni kwamba hapo ndipo hadithi ilipopata joto, kwani jini naye sasa ana wasiwasi, hajui kama watu watatimiza ahadi au hawatatimiza.

Kuifumua ngano si dhambi. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliichukua hadithi ya Alfu Lela Ulela ambayo ndugu wawili hugeuzwa mbwa, yeye akawafanya manyani, nayo ikawa yake. Katama Mkangi, mwana wa Kilifi hii hii, alimrusha Dzombo wake katika chombo cha angani mwaka 1995 katika Walenisi, na bado ukisoma wasikia ngano. Hao walibadili wakijua wanachobadili. Mimi nilibadili kwa kutojua.

Mswada wa tatu uliniwia mzito hata nilipokumbuka jambo dogo. Nyanya hakutamka neno jini hata siku moja. Akifika hapo huishusha sauti, husema "wenyewe", kisha hutazama mlangoni, nasi sote hutazama mlangoni. Basi nimefuta mbawa na macho ya moto. Katika mswada huu mwanamke huteka maji alfajiri: kamba hupanda imelowa, ndoo kavu. Sikuongeza kitu.

Mhariri mmoja aliyeziona sura chache aliikubali ndoo hiyo bila taabu. Alichopigia mstari mwekundu ni twiga apelekwaye China kwa merikebu. Aliandika pembeni kwamba msomaji hataamini. Na twiga wa Malindi alifika China mwaka 1415, jambo hilo limo katika tarehe! Twiga atabaki.

Mwezi uliopita nilirudi Gede kwa yule mzee, nikamsomea upya. Safari hii alinyamaza kitambo kirefu, akaagiza kahawa. Kisha akasema kisima changu nimekiweka upande wa kibla wa msikiti, na yeye kwa wazee wake hakusikia hivyo. Jumamosi, inshallah, tutakwenda pamoja tukahesabu hatua.