Si Kila Chenye Mzinga ni Kifaru

Mnamo tarehe 4 Januari 2023, ofisi ya Rais Emmanuel Macron ilitangaza kwamba Ufaransa ingeipa Ukraine vifaru vyepesi vya vita. Chombo chenyewe ni AMX-10 RC. Herufi mbili za mwisho ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya magurudumu na mzinga, na hizo pekee zingetosha kumwonya msomaji makini kwamba alichotangaziwa hakikuwa kifaru. Ni gari la deraya la magurudumu sita, lenye uzito wa takriban tani 16, lililoanza kutumika mapema katika miaka ya 1980 kwa kazi ya upelelezi. Leopard 2 ya Ujerumani, ambacho ndicho kifaru hasa, hupindukia tani 55.

Huenda mwenye kusoma akaniona kuwa ni mwalimu wa lugha anayejitia katika mambo ya wanajeshi. Na iwe hivyo. Kiswahili kilipolitwaa jina la mnyama yule na kukipa chombo cha vita, hakikuangalia pembe peke yake, kiliangalia ngozi. Gari la AMX-10 RC linayo pembe, tena pembe kali, maana mzinga wake ni wa milimita 105. Lisilokuwa nalo ni ngozi.

Matokeo hayakuchelewa. Katika mashambulizi ya majira ya kiangazi ya mwaka 2023 kusini mwa Ukraine, magari hayo yalipewa askari wa kikosi cha 37 cha wanamaji, wakayapeleka mstari wa mbele. Afisa mmoja wa kikosi hicho aliliambia shirika la habari la AFP kwamba mzinga ulikuwa mzuri na vyombo vya kuonea vilikuwa bora, lakini deraya ilikuwa nyembamba mno. Alieleza jinsi kombora lilivyolipuka karibu na gari mojawapo, vigae vyake vikapenya ubavuni, risasi zilizomo ndani zikalipuka, na askari wote wanne wakafa. Kombora lenyewe halikuligusa gari. Kwa kifaru cha kweli, vigae vya namna hiyo aghalabu huishia kukwaruza rangi.

Je, tuseme basi kwamba Wafaransa walitengeneza chombo kibovu? Hasha. Gari hilo hilo lilikuwa Mali miaka kumi kabla ya hapo. Ufaransa ilianza vita vyake huko tarehe 11 Januari 2013, na kabla ya mwezi huo kwisha miji ya Gao na Timbuktu ilikuwa imekwisha kukombolewa. Kutoka Bamako hadi Gao ni safari ya kilomita 1,200 hivi. Magari ya magurudumu huimaliza safari kama hiyo yakijiendesha yenyewe, ilhali kifaru cha tani 60 huhitaji kubebwa juu ya lori kubwa, daraja la kustahimili uzito huo wote, mafundi wa minyororo, na mafuta ambayo hayapatikani popote jangwani. Adui wa Mali hakuwa na mizinga mikubwa ya kurusha makombora usiku kucha. Alikuwa na bunduki na malori madogo.

Hata hivyo, mfano ninaouona kuwa na mafunzo mengi zaidi ni wa Angola. Mwaka 1987 jeshi la makaburu liliingia kusini mashariki mwa nchi hiyo likitegemea Ratel-90, gari la magurudumu sita lenye mzinga wa milimita 90. Lilipokutana na vifaru vya T-55 vya jeshi la serikali ya Luanda, iliwabidi askari wake kuvizia ndani ya vichaka vizito, wakizungukia ubavuni, magari kadhaa yakielekeza mizinga yao kwa kifaru kimoja kwa pamoja. Mnamo tarehe 3 Oktoba, kando ya mto Lomba, mbinu hiyo ilifaulu, na brigedi ya 47 ya Angola ikasambaratishwa. Lakini ushindi huo haukuwalevya makamanda wenyewe. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekwisha kuleta vifaru vyao vizito vya Olifant, kwa kuwa walijua kichaka hakitawaficha kila siku.

Wapo watakaojibu kwamba siku za vifaru vizito zimekwisha. Hoja yao ina uzito. Marekani iliipa Ukraine vifaru 31 vya Abrams mwaka 2023, na kufikia Aprili 2024 iliripotiwa kwamba vilivyosalia vilikuwa vimeondolewa mstari wa mbele kwa kuhofia ndege ndogo zisizo na rubani. Lakini ndege iliyoweza kukilemaza kifaru cha tani zaidi ya 60 haitalisamehe gari la tani 16. Tofauti ni kwamba mara nyingi wafanyakazi wa kifaru hutoka wakiwa hai. Na njia ya katikati si rahisi pia: Marekani ilijaribu kuunda M10 Booker kwa ajili ya askari wanaohitaji chombo chepesi, kikaendelea kunenepa hadi kufikia tani 40 hivi, na mwaka 2025 mradi ukafutwa.

Kwetu Kenya swali linakuja kwa sura nyingine. Askari wetu katika barabara za Lamu, Garissa na Mandera hawawindwi na vifaru, wanawindwa na mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kwa hiyo unene wa deraya ya mbele si kipimo cha kwanza. Kipimo ni umbo la tumbo la gari. Wamarekani walilijua hili Iraki kwa gharama kubwa, magari yao ya Humvee yenye sakafu bapa yalipokuwa yakipasuliwa, hata wakaanza mwaka 2007 kununua kwa maelfu magari yenye tumbo la umbo la herufi V, fikra iliyokuwa imejaribiwa Rhodesia na Afrika Kusini tangu miaka ya 1970. Magari 118 ya Hizir ambayo Kenya iliyaagiza kutoka Uturuki ni ya ukoo huo.

Ukoo huo nao una kasoro zake. Ni magari marefu kwenda juu, hupinduka upesi katika njia mbovu, na hukwama katika matope ya aina iliyowachelewesha askari wetu walipoingia Somalia Oktoba 2011, msimu wa mvua. Kamati ya Bunge ya ulinzi itakapoletewa tena ombi la fedha, isiridhike na bei ya gari moja wala na jina zuri lililoandikwa katika hati. Iulize gari litapita barabara gani, mwezi gani, dhidi ya silaha gani, na ni askari wangapi watakaokuwa ndani yake.